Jiko Alimokula Wumbei

Tulimzika Mama Ruth mwezi wa Novemba, mwaka 2019, kisha tukarudi Parkdale, hapa Toronto, kunywa chai katika ukumbi wa chini wa kanisa. Naujua ukumbi ule. Chakula changu cha kwanza cha moto katika nchi hii nilikula pale, kwenye meza zile zile za kukunja, chini ya taa zile zile nyeupe zinazomfanya kila mtu aonekane mgonjwa. Mchungaji Douglas, mumewe, alikuwa kwenye kiti cha magurudumu karibu na kipasha joto, blanketi magotini, kikombe mkononi ambacho hakukigusa kwa mdomo. Watu walipita mmoja mmoja kumpa pole. Nyuma yangu mzee mmoja wa kanisa, mkate wa mayai mkononi, alimwambia mwenzake, "Yule mama alikaa Afrika muda wote ule, na hakuwahi kuinama mbele ya mizimu hata siku moja." Mwenzake akasema amina. Esther, aliyekuwa ananimiminia chai, aliacha kumimina. Alinitazama, nami nikamtazama, halafu akaendelea na kikombe cha mtu mwingine.

Esther anaishi Crescent Town na anahudumia wazee katika nyumba ya kuwatunza. Kifundo cha mkono wake wa kushoto hakinyooki sawasawa. Nilikuwepo kilipovunjika. Binti yangu, ambaye huelewa Kiswahili changu chote na kunijibu Kiingereza, amewahi kuniuliza mbona mimi na Esther hukaa pamoja bila kuzungumza sana. Nilimwambia tulifanya kazi jiko moja. Ni kweli, lakini haitoshi, na baada ya mazishi yale niliona niiandike habari yenyewe kwa mpangilio, jinsi nilivyoiona na jinsi nilivyoisikia.

Mwaka ule ulikuwa 2003. Kanisa lilikuwa na kituo katika kijiji cha Kpalibu, kaskazini ya Ghana, kwa wakulima wa viazi vikuu, na Mchungaji na mkewe walihitaji mtu wa jikoni ambaye pia angeweza kufunga vidonda. Mimi nilikuwa mfanya usafi hospitalini, na huduma ya kwanza nilikuwa nimejifundisha kwa vitabu vya maktaba ya Weston. Kamati ilinichagua kwa sababu nyingine. "Wewe utawaelewa," mwenyekiti aliniambia. "Ni watu wako." Kutoka kwetu Iringa hadi Kpalibu ni mbali kuliko kutoka Toronto hadi Vancouver, lakini nilikuwa na miaka ishirini na saba na nilitaka kwenda, kwa hiyo sikubishana. Siku niliyojaribu mara ya kwanza kutwanga viazi vikuu kinuni, wanawake wa pale walicheka hadi mmoja akakaa chini. "Huyu si mwenzetu," alisema. "Huyu ni mzungu aliyesahauliwa motoni." Jina likanikaa. Watoto waliniita Aliyeungua, na wagonjwa pia, bila ubaya wowote, hata waliponiletea mguu uliokatwa na jembe.

Nyumba ya misheni ilikuwa ya matofali ya saruji na bati. Jiko lilikuwa na kidirisha cha kupitishia sahani kuelekea sebuleni, kwa hiyo kila kilichosemwa mezani nilikisikia, nitake nisitake. Asubuhi Mama Ruth alikula uji wa shayiri uliotoka Toronto ndani ya makopo, akiutia chumvi. Jioni tulikula kama kijiji kilivyokula: viazi vikuu vilivyotwangwa na mchuzi wa karanga, na nyama ya kanga siku yenye bahati. Esther, aliyekuwa msichana wa miaka kumi na saba, alinisaidia kutwanga. Kaka yake Wumbei alikula nasi kila siku, na hilo lina maelezo. Wazazi wao walikuwa wamekufa, na walilelewa na baba yao mkubwa, Nakoja. Wumbei alipobatizwa, wake za Nakoja walilichukua bakuli lake wakalipasua mlangoni mbele yake. Maana yake ilijulikana na wote: nenda ukale kwingine. Mama Ruth alimpa bakuli la bati lenye ua la bluu, na tangu siku hiyo Wumbei alikuwa mtu wa jiko letu. Alikuwa mkulima hodari, mpana wa mabega, msemaji kuliko Mchungaji mwenyewe, na vijana wa kanisa walimfuata yeye.

Nakoja alikuwa mzee wa ardhi. Cheo hicho hakikumpa utajiri. Kilimpa kazi ya kusema lini watu walime, lini wale, na nini kifanyike ardhi ikichafuka. Msomaji asimfikirie mtu mpole. Alikuwa na hasira fupi na magoti mabovu, alinusa ugoro akapiga chafya juu ya vikombe vyetu, na aliwahi kumpiga mwanawe Bijaka kwa mpini wa jembe mbele ya wageni kwa kumwacha mbuzi aingie shambani. Lakini alikuja barazani kwetu kunywa chai na Mama Ruth, sukari ikifika nusu ya kikombe, na walizungumza Kiingereza chao cha kuungaunga kuhusu magoti.

"Dawa yako inanifunga tumbo," alimwambia.

"Unakunywa vidonge vya siku tatu kwa siku moja, mzee."

"Goti haliumi kwa siku tatu tatu. Linauma lote kwa mara moja."

Ni katika mazungumzo hayo nilipoisikia sheria. Toka matuta yanapopandwa, damu ya mtu isimwagike juu ya udongo. Na viazi vikuu vipya, hata kama vimekomaa, hata kama ghala ni tupu na watoto wanalia, havichimbwi mpaka mzee wa ardhi akiweke cha kwanza chini na kuisalimu ardhi. Mama Ruth aliuliza itakuwaje mtu akivunja. Nakoja alipiga chafya kwanza. "Kama ni chakula, nitamtoza kuku na kumtukana. Kama ni damu, majembe yote yanawekwa chini. Hakuna kulima, hakuna kuvuna, kwa mwenye kosa na asiye na kosa, mpaka ardhi ipoe."

Sasa wageni. Mwezi wa Julai kundi la waumini kutoka Parkdale lilikuja kuona kazi yao, kwa kuwa Julai ndiyo likizo ya Toronto. Walikuja na kamera, na miongoni mwao walikuwa wazee wawili wa kanisa ambao kamati iliwatuma kuamua kama kituo kiendelee au kifungwe. Mchungaji alitaka waone Jumapili ya Mavuno. Hesabu yake ilikuwa rahisi, na nilisikia akiitoa mezani: wageni wataondoka kabla ya sherehe ya Nakoja ya viazi vipya, viazi vya mapema vimekwisha komaa katika shamba la Wumbei, na Wakristo hawana sababu ya kumngoja kuhani wa mizimu ili wale chakula walichopewa na Mungu.

"Douglas, ngoja," Mama Ruth alisema. "Ni mwezi mmoja tu."

"Na wakiuliza mavuno yako wapi? Niwaonyeshe majani?"

"Waonyeshe majani."

Wumbei alikuwa amekaa nami jikoni na bakuli lake. Alisikia yote. Alisimama, akapitisha kichwa kwenye kidirisha na kusema, "Mchungaji, nitachimba mimi." Esther alimvuta shati. "Kaka, Bijaka atakuua." Wumbei alicheka. "Bijaka? Tangu utotoni nambeba yule avuke mto."

Nakoja alikuja mwenyewe Jumamosi. Hakukaa. "Mwezi huu ufe, mwingine uzaliwe," alimwambia Mchungaji. "Hilo tu. Sikukatazi Mungu wako." Mchungaji alimjibu kwa heshima, kwa maneno yaliyotayarishwa, kwamba mwanzo wa mavuno ni wa Bwana. Nakoja alimtazama Mama Ruth, akaondoka bila chai.

Jumapili vikapu vitatu vya viazi vipya viliwekwa mbele ya madhabahu. Wageni walipiga picha. Mimi na Esther tulivichemsha, kanisa likala, watu wakaimba, na nakumbuka kwamba baadhi ya akina mama wazee walishika vipande vyao mikononi ibada nzima bila kuvipeleka mdomoni.

Jumatatu asubuhi nilisikia panga kabla sijaona mtu. Panga likikata mashina hai ya viazi lina sauti yake, kama kitambaa kibichi kinachochanwa. Bijaka na vijana wenzake walikuwa shambani kwa Wumbei wakikata mashina yote juu ya matuta, mstari kwa mstari, bila haraka. Moshi ulikwisha panda kutoka ghala lake. Esther alikimbia mbele yangu akipiga kelele, akajitupa juu ya tuta kana kwamba angeweza kulifunika, na kijana mmoja alimpiga kwa mpini. Nilisikia mfupa. Ndipo Wumbei alipotokea upande wa mto, na nyuma yake vijana wa kanisa, nao wana mapanga, kwa sababu katika Kpalibu kila mtu huenda shambani na panga.

Nimesoma vitabu vingi baadaye, na vingi huandika mapigano kana kwamba yana mpango. Haya hayakuwa na mpango wowote. Watu waliokula sahani moja tangu utoto walikatana mabega na mikono, wakiteleza kwenye matuta, wakiitana kwa majina. "Wewe Yaw, unanipiga mimi?" "Mbwa wa wazungu!" "Mama yako alininyonyesha, mshenzi!" Kijana wa kanisa aliyekuwa mpiga ngoma alipita mbele yangu akishikilia sikio lake lililoning'inia. Bijaka alimkuta Esther bado yuko chini na akainua panga. Sijui kama alitaka kumkata au kumtisha, na Esther mwenyewe, ambaye alimwona usoni, hajui hadi leo. Wumbei alimpiga mara moja, shingoni. Bijaka alikaa juu ya tuta kama mtu aliyechoka. Damu yake ilitoka kwa nguvu ambayo sikuwahi kuiona hospitalini, na udongo uliinywa yote. Niliweka mikono yangu yote miwili pale. Nilijua ukurasa wa kitabu uliosema nifanye nini. Alikufa ananitazama.

Kabla ya saa sita mchana nyumba za Wakristo upande wa mto zilikuwa zinaungua. Mzee mmoja wa benchi la mbele kanisani, aliyekuwa kipofu wa jicho moja, alipigwa mawe hadi akapoteza la pili. Vijana wa kanisa nao walikwenda wakakivunja chungu cha mizimu cha Nakoja, wakarudi wakijisifu, na Mama Ruth alimzaba kofi mmoja wao, kitu ambacho sikuwahi kufikiri ningekiona. Wumbei alikaa sakafuni jikoni kwetu, kati ya mafiga na pipa la maji, panga mapajani. Nje ya ua walisimama wanaume wa ukoo wa Bijaka, ambao walikuwa ukoo wake yeye pia, wakiimba jina la Wumbei taratibu. Mchungaji aliwapakia wageni kwenye gari awapeleke mjini na kuleta polisi. Alitaka kumchukua Wumbei chini ya turubai. Wanaume walilizunguka gari, wakaangalia chini ya turubai kwa ncha za mapanga, wakaliruhusu lipite bila yeye. Kabla ya kuondoka Mchungaji alimshika mkewe mabega. "Watakuja na matambiko yao," alimwambia. "Usishiriki. Wazee wawili hawa wakisikia, wamefunga kituo, na watu wetu watakuwa wameunguziwa bure. Niahidi." Sikusikia jibu.

Alasiri mvua ilianza, na Nakoja akaja. Wanaume walimpisha. Alipanda barazani kwa shida ya magoti yake, na safari hii alikaa, kwenye kiti chake cha siku zote. Nguo yake ilikuwa na damu, kwa kuwa alikuwa amembeba mwanawe.

"Wako tayari kumtoa humo ndani na kumkata," alisema. "Wakimkata, ndugu zake upande wa mama watatoka kwao mbali, ng'ambo ya mto, wawakate wao. Majembe yatalala chini mpaka wote tufe njaa. Nataka kuipoza ardhi sasa, wakati mvua inanyesha. Lazima asimame pale ilipomwagika, bila kitu miguuni, na mtu wa upande wake amshike mkono."

"Esther atamshika," Mama Ruth alisema.

"Esther ni damu ya Bijaka. Wote wa hapa ni damu ya Bijaka, na wa upande wa mama hawafiki kabla mvua haijakatika. Watoto hawa ni wa nyumba moja." Alitafuta ugoro wake, akaurudisha. "Mtu asiye na ukoo wa upande wake, upande wake ni jiko alimokula. Wake zangu walipasua bakuli lake. Nani alimpa jingine?"

Mama Ruth aligeuka kuelekea mlango wa jikoni.

"Ni wewe," Nakoja alisema. "Mwanangu amelala ndani ya mkeka, nami nimekuja kukuomba uokoe mwanao. Usiniache nikae sana. Nikikaa sana nitabadili nia."

Mama Ruth alivaa siku zote viatu vya ngozi ya kahawia vyenye kamba, vya kutembelea milimani, kwa sababu aliogopa nyoka. Aliinama akavifungua kamba, taratibu, akaviweka sambamba kwenye kizingiti chini ya paa, mahali pakavu. Miguu yake ilikuwa myeupe sana. Aliingia jikoni akamwambia Wumbei, "Acha hilo panga. Nipe mkono." Nilitoka nao. Hakuna aliyeniita, lakini sikuweza kubaki.

Njia yote watu walisimama pande mbili. Mwanamke mmoja alimtemea Mama Ruth mate, yakamwingia kwenye nywele, hakuyafuta. Pale juu ya tuta matope yaliwafika vifundoni. Nakoja alichanganya majivu na maji kwenye kibuyu, akasema maneno ambayo hakuna aliyenitafsiria, akachinja kondoo, damu yake ikaanguka pale pale ya Bijaka ilipoanguka. Binamu mmoja wa marehemu hakuweza kuvumilia. Alitoka mstarini panga juu. Wumbei hakusogea, akafumba macho. Mama Ruth hakumwachia. Alisogea nusu hatua mbele yake, kama mama anayemficha mtoto asinyeshewe. Nakoja, baba wa aliyekufa, aligeuka na kibuyu mkononi akampiga yule binamu usoni nacho, kibuyu kikapasuka. "Maiti ni wangu!" alipiga kelele. "Wako yuko wapi? Nionyeshe wako!" Yule kijana alikaa kwenye matope akalia kwa sauti. Kisha Nakoja alilichukua jembe la Bijaka akaliweka mkononi mwa Wumbei, na kumwambia mbele ya wote kwamba shamba la Bijaka ni lake kulilima, na mzee wa kulishwa na shamba hilo ni yeye Nakoja. Watu walitawanyika. Hivyo ndivyo Wumbei alivyobaki hai.

Mama Ruth alirudi kwa mlango wa jikoni. Nilimkanda miguu kwa maji ya moto, nikamwekea iodini palipochanwa na mashina. Tulikuwa bado huko nyuma tuliposikia gari. Mchungaji alirudi na polisi na wale wazee wawili wa kanisa. Mezani, kupitia kidirisha, nilisikia mmoja akiuliza moja kwa moja, "Mama Ruth, ulishiriki tambiko?" Naye akajibu, kwa sauti ya mtu anayeomba chumvi, "Nilisimama mbali." Mzee hakuonekana kuridhika, lakini akatazama mlangoni, akaitikia kwa kichwa, akasema sawa. Polisi walimchukua Wumbei. Nakoja alimfuata mjini na kuwasumbua maofisa kila juma mpaka wakachoka, na baada ya mavuno wakamwachia. Kituo hakikufungwa. Mama Ruth na mumewe walikaa Kpalibu miaka mingine mingi, na nijuavyo mimi hawakuizungumza siku ile hata mara moja. Wumbei alimlisha Nakoja mpaka mzee alipokufa. Esther huniambia kwamba bado analima mashamba yote mawili, lake na la Bijaka, na Jumapili hukaa benchi la nyuma.

Ukumbi ulipoanza kupungua watu, Mchungaji aliniita kwa kidole. Esther alikuja nami. Mchungaji aliinua uso, macho mekundu, akauliza kwa sauti iliyotoka kwa shida: "Neema. Wewe ulikuwepo. Alivua viatu?"

Yule mzee wa mkate wa mayai alikuwa karibu, akikunja meza. Nilifikiri juu ya neno la marehemu, kwamba alisimama mbali, na kama nina haki ya kulivunja siku ya kumzika. Esther aliniwekea mkono wake uliopinda begani.

"Alivua, Mchungaji," nilisema. "Alimshika Wumbei mkono mpaka mwisho."

Aliitikia kwa kichwa muda mrefu. "Nilijua," alisema. "Nilishuka garini wa kwanza. Mvua inanyesha, kijiji kizima ni matope, na viatu vyake pale kizingitini, vikavu, safi kabisa. Na wazee wawili wanashuka nyuma yangu, na polisi amekwisha waambia njiani kwamba anayeshiriki tambiko huvua viatu." Alikitazama kikombe chake cha chai baridi. "Nilivikanyagia matope kwa mguu wangu. Kimoja, halafu kingine. Nikaingia ndani."